Dakika Tano za Bi Muhuri

Katika masjala ya wizara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa Bi Muhuri, na muhuri wake haukujua mkubwa wala mdogo: barua ya waziri aliigonga kwa nguvu ileile aliyoigonga ya mstaafu anayefuatilia faili.

Mwaka huo nchi ilitakiwa kupeleka jina la mgombea ujaji katika mahakama ya kimataifa. Zamani jina lilishuka kwa simu kutoka ghorofa ya juu. Safari hii nafasi ilitangazwa magazetini: maombi yaletwe masjala kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, kisha orodha ibandikwe mlangoni siku tatu, na mwenye pingamizi aandike.

Dada yake Bi Muhuri, jaji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alileta bahasha yake mapema. Alipanga foleni kama watu wengine. Bi Muhuri akamgongea bila hata kutabasamu, ingawa moyoni alikuwa ameshamvalisha joho.

Ijumaa, saa ya ukutani ilipoonyesha saa kumi na dakika tano, akaingia mwanamke mwembamba aliyelowa mvua, bahasha ameikumbatia kifuani kama kichanga.

"Samahani mama, tumeshafunga."

Mgeni akatazama ukutani, akashusha pumzi, akaondoka.

Mlinzi wa mlangoni akakohoa. "Bi Muhuri, hiyo saa si ndiyo uliyoisogeza mbele dakika kumi ili mimi nisichelewe kazini?"

Bi Muhuri akaigeukia saa, muhuri mkononi.

"Mimi sijasema kitu," mlinzi akaongeza. "Ila dada yako amepungukiwa mpinzani mmoja."

"Funga mdomo, nifungulie mlango!"

Alivua viatu, akatoka mbio. Watu kituoni wakamshangilia, wakidhani anamkimbiza mwizi. Mgeni alikuwa ametia mguu mmoja ndani ya basi.

"Mama! Shuka! Kosa ni langu!"

Waliporudi masjala akaigonga bahasha, kisha daftarini akaandika: Alifika saa kumi kasoro dakika tano. Nilimkataa kimakosa; saa ya ofisi iko mbele dakika kumi. Akatia saini, mlinzi akatia ya ushahidi. Maneno hayohayo akayabandika mlangoni, chini ya orodha.

Jumatatu dada akaja kusoma. Akasoma mara mbili, kalamu mkononi.

"Kwa hiyo ulikimbia pekupeku, mtu mzima wewe, kunitafutia mpinzani?"

"Ndiyo, dada. Fomu ya pingamizi hii hapa."

Dada akaitazama fomu.

"Ningerudishwa mlangoni mimi," dada akasema hatimaye, "ningependa mtu anikimbilie." Akarudisha kalamu mkobani.

Usaili ulifanyika ukumbini, milango wazi, maswali yaleyale kwa wote, alama zikisomwa kwa sauti. Mwanamke mwembamba alimshinda dada kwa alama mbili.

Jioni Bi Muhuri akaenda kwa dada yake.

"Dada, pole. Mimi ndiye niliye..."

"Wewe ndiye nini? Swali la tano hukusikia alivyolijibu? Ningekuwa upande ule wa meza, ningempa mimi mwenyewe." Akamsogezea kiti. "Ila wiki hii nzima unapika wewe."

"Wiki nzima, kwa dakika tano?"

"Rufaa hakuna."