Chuma Kisivuke Mfereji

Mimi ni mmiliki halali wa bastola moja, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiitumia kukosa karatasi. Nasema karatasi kwa sababu kwenye klabu yetu ya shabaha hatulengi kitu kingine. Jumamosi asubuhi tunakutana uwanjani, kule tambarare kavu za chini ya Himo, watu wazima wenye vitambi vyetu, tunaziba masikio, tunajipanga kwenye mstari na kutoboa karatasi. Mimi mara nyingi natoboa tuta la udongo lililo nyuma yake. Nikirudi nyumbani Moshi mjini, mke wangu huikagua karatasi yangu kwa kuigeuzageuza. "Hii bado mpya kabisa," huniambia. "Lete nifungie maandazi."

Nina duka la dawa. Kutwa nzima nasikiliza vikohozi vya watu, na siku rafiki yangu mmoja aliponialika uwanjani niligundua kwamba ukishika bastola na kulenga, hakuna anayekuuliza bei ya kitu. Basi, nikanogewa. Nilipoomba kibali, kila ofisa niliyekaa mbele yake aliniuliza naitaka silaha ya nini. Nikijibu "Mchezo tu, afande," ananitazama juu mpaka chini, anaangalia miwani yangu, halafu anaandika kitu ambacho sijawahi kukisoma. Ukweli ni kwamba hata kuku wa pale nyumbani anachinja mke wangu, mimi nakuwa nimetoka kununua vitunguu.

Watu wote walinizoea, isipokuwa Mama.

Mama yangu anaishi Mwika, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na Baba, katikati ya migomba na kahawa. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa mila zetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuwa karibu naye kuliko wote. Ukitoka barabarani kuingia kwake unavuka kwa daraja la magogo mfereji mmoja wa maji ya mlimani, umepandwa majani ya isale kando zake zote mbili kuonyesha mpaka. Siku aliposikia nimenunua bastola hakupiga kelele. Alinipeleka mpaka pale mferejini, akanionyesha maji kwa kidole. "Hicho chuma chako kisivuke hapa," akasema. "Huko mjini fanya unavyotaka, wewe ni mtu mzima. Hapa kisivuke."

Alikuwa na sababu. Alipokuwa binti mdogo, kaka yake aliuawa kwa gobore la jirani. Haikuwa vita wala ujambazi. Jirani alikuwa uani anawaonyesha watu jinsi gobore lake linavyofanya kazi. Mama alikuwa amesimama karibu kabisa, ameshika kikombe cha maziwa aliyotumwa kumpelekea kaka yake. Ametusimulia mara moja tu, na hatukumuuliza tena.

Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo niliheshimu mfereji. Siku za kwenda Mwika bastola ilibaki kwenye sefu, mjini. Mpaka Desemba moja nilipojifanya bingwa.

Unajua Desemba ya kwetu. Wachagga wote wanarudi mlimani, waliopo Dar, waliopo Mwanza, magari yanapanda kwa foleni. Mama alikuwa ametangaza siku ya mbuzi wa ukoo, Jumamosi, saa saba mchana, na Mama hali mpaka watoto wake wote wawe wamefika. Jumamosi hiyohiyo asubuhi klabu ilikuwa na shindano la kufunga mwaka. Nikajiambia nitapiga risasi zangu chache, nitakosa kama kawaida, saa nne niko mjini naifungia bastola kwenye sefu, saa saba niko kwa Mama. Lo! Siku hiyo nikafika fainali. Nisikudanganye, nusu ya wanachama walikuwa safarini, na mmoja aliyekuwa akinizidi pointi aliumwa tumbo akaondoka. Lakini fainali ni fainali. Nikamaliza wa tano kati ya watano, na karatasi yangu ina matundu matatu ya halali. Niliikunja vizuri nikaiweka kwenye shati.

Simu ikalia. Mke wangu, ambaye alikuwa ametangulia Mwika, alinong'ona: "Uko wapi wewe? Saa nane hii. Mama hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, anasema anamsubiri mwanawe."

Kurudi mjini kwanza kulimaanisha kufika Mwika saa kumi. Nikapanda moja kwa moja na bastola yangu.

Njiani nikapanga mpango. Nitaegesha gari barabarani, ng'ambo ya mfereji. Nilipofika nikakumbuka sheria ya kwanza tuliyofundishwa, kwamba silaha haiachwi kwenye gari. Nikiiacha, navunja sheria. Nikivuka nayo, navunja neno la Mama. Basi mwanamume mzima nikabaki nimekaa ndani ya gari, nimeweka simu sikioni, naongea na hewa.

Kaka yangu mkubwa akaja. Yeye tangu ninunue bastola huniita Afande. "Afande, ingiza gari ndani, watu wana njaa."

"Hilo daraja limeoza, kaka," nikasema. "Halitabeba gari."

Nilidhani nimemaliza. Yeye akaangalia yale magogo ya daraja, akatikisa kichwa, akaita. Wakaja kaka zangu wengine wawili na shemeji, wamevaa mashati yao ya sikukuu. Wakakata mkaratusi, wakatoa magogo ya zamani yaliyokuwa mazima kabisa, wakaweka mapya, wakayafunga, wakashindilia udongo. Saa nzima na zaidi! Wengine wanatokwa jasho, mimi nimekaa kwenye usukani nawaambia pole. Mama alitoka na fimbo yake kuangalia, akasema, "Asanteni wanangu, mnampenda mdogo wenu." Jamani, sijawahi kujichukia kama siku ile. Daraja likawa imara kuliko lolote la kijiji kile, na wote wakasimama kando kunishangilia nikivuka.

Nikavuka.

Ndani ya uwanja wa nyumba, kabla sijashuka garini, nikatoa risasi zote, nikaitia bastola kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Desemba, jua linawaka, nimekaa kando ya moto wa mbuzi nimevaa koti. Shemeji akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo. Watu wakanisogezea blanketi, nikajifunika na blanketi pia.

Mama akasimama kuomba. Huomba kwa Kichagga, polepole, na hamsahau mtu. Akawaombea waliosafiri, akawaombea ng'ombe, akaniombea mimi na malaria yangu. Kisha akamshukuru Mungu kwamba tangu alipoletwa bi harusi kwenye nyumba ile hakuna chuma cha kuua kilichowahi kuvuka mfereji wake, na akamwomba iendelee hivyo hata akiondoka. Nikaitika amina. Niliitika kwa sauti.

Kwetu mbuzi hagawanywi ovyo, kila mtu ana nyama yake kulingana na nafasi yake katika ukoo. Ya kitinda mimba Mama hunipa kwa mkono wake mwenyewe. Akaniletea sahani, yeye mwenyewe bado hajala kwa kunisubiri mimi. Nikaishika. Hapo moyo ukanishinda. "Mama," nikasema, "ninacho. Kimo kwenye koti."

Kaka zangu wote wakaligeukia lile koti. Mama akaichukua ile sahani kutoka mikononi mwangu. Hakunipokonya, aliichukua taratibu kama anavyomchukulia mtoto kitu cha kumuumiza. "Toka nacho," akasema. Nikatoka, nikavuka daraja jipya la kaka zangu, nikashuka mpaka mjini bila kula.

Kabla ya siku hiyo Mama alikuwa akinipigia simu kila asubuhi saa kumi na mbili kuuliza kama nimelala vizuri. Simu hiyo ikakoma. Nikipiga, anapokea dada wa kazi: "Bibi anasema hawezi kuongea." Wiki ya kwanza nikajifanya sijali. Wiki ya pili nikaanza kukosea dawa, nikampa mtu wa minyoo dawa ya mafua, bahati akarudi kuuliza. Mama ana miaka themanini na nne. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kwamba atakufa na neno lake la mwisho kwangu liwe "toka."

Mke wangu ndiye aliyesema, "Peleka isale." Kwa Wachagga, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na anayepelekewa isale hakatai kusamehe. Nikaenda kwa wauza maua mjini, nikanunua mche mzuri kwenye chungu, nikapanda nao hadi kwa kaka mkubwa ili anisindikize. Kaka akauangalia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Afande, hili ni ua la hotelini! Isale unanunua? Wewe mtu wa Mwika?" Akanipeleka mpaka mferejini kwa Mama, akachuma jani kwenye mpaka uleule niliouvuka, akalifunga fundo, akanikabidhi.

Mama alikuwa anachambua maharage. "Shikamoo Mama," nikasema, nikapiga magoti na jani langu. Alisogeza kwanza ungo wa maharage. Kisha akalipokea, akaliweka kwenye kanga mapajani. "Marahaba."

"Nitaiuza Mama. Kesho."

"Nani kakwambia uuze?" Akawa mkali kweli. "Nilikwambia kisivuke. Ukavuka. Haya, mtu huteleza. Lakini ulikaa hapo mimi naomba, ukaitika amina. Hiyo amina ndiyo iliyonikosesha usingizi." Nikalia, mtu wa miaka hamsini na moja. Kaka akajifanya anaangalia migomba.

Akatoa hukumu yake: tangu siku hiyo, kila nikija, atanikagua mwenyewe pale mferejini.

Na hakuwa anatania. Kila nikifika namkuta amesimama kwenye daraja na fimbo. Nashuka, nanyanyua mikono, ananipapasa mabega, kifua, mbavu, kiuno, mifuko yote, mpaka soksi. Majirani walikuwa wakija kutazama. Mara moja alikuta pipi, akazichukua. Akimaliza ananipiga kofi dogo mgongoni: "Haya, pita." Mama yangu hakuwa mtu wa kukumbatia. Sikumbuki kukumbatiwa naye hata siku nilipofaulu, hata siku ya harusi yangu. Ilinichukua miezi mingi kutambua kwa nini nilikuwa nafika Mwika kila Jumapili, mimi niliyekuwa nikienda mara moja kwa mwezi.

Jumapili iliyopita hakuwepo mferejini. Nikangoja kwenye daraja, nimenyanyua mikono, mpaka dada wa kazi akanionea huruma akaniita. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, miguu imevimba, fimbo imelala chini. Akanipungia mkono.

"Pita tu, mwanangu," akasema. "Nakuamini."

Ndilo neno nililokuwa nimelitafuta muda wote huo. Nikaenda hadi kwenye kiti chake, nikapiga magoti ili anifikie, nikanyanyua mikono.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Nikague."