Kaa wa Dimbwi la Mwisho

Mtu asiyeweza kutulia hafai kuvua kwa mtego, na mimi sijawahi kumaliza saa nzima kwenye kigoda. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipewa kazi ya kulinganisha njia za kuhesabu kaa katika vijito vidogo, nikachagua kijito cha kwetu, Migato.

Mitego ya waya niliyotia dagaa ilinasa kaa wakubwa tu. Nilipogeuza mawe kwa mikono nilipata wadogo, wakubwa wakanikimbia. Ili nijue ipi inadanganya zaidi, ilibidi nikaushe dimbwi na kuwahesabu wote. Mvua zilikuwa zimekatika, dimbwi limebaki moja, na hapo ndipo ndama wa mama waliponywea.

Nikamwomba mayu, kama tunavyomwita mama kwetu, nilikaushe.

"Subiri, mwanangu. Litakauka lenyewe."

"Mayu, likikauka kaa watakuwa wameshazama ardhini."

"Na ndama wanywe nini?"

Siku tatu nilizunguka ukingoni, tarehe ya kukabidhi ripoti ikinikaba. Siku ya nne mama alipokwenda gulioni, nilichota maji yote kwa ndoo nikayaweka kwenye mapipa matatu, niyarudishe kabla hajafika. Nilijiona mjanja kweli. Kaa wengine walikuwa wamejichimbia, nikachukua jembe nikafukua tope mpaka nikakuta mchanga. Jumla arobaini na mmoja. Mitego ilikuwa imenipa sita, mikono kumi na tisa. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Kisha nikarudisha maji ya pipa la kwanza, yakazama. Lile tope lililoshindiliwa na kwato miaka yote ndilo lililokuwa likiyashika, na mimi, mtoto wa mfugaji, nilikuwa nimelitoboa. Nikamwaga pipa la pili, nalo likanywewa na mchanga huku natazama. La tatu sikuthubutu.

Mama alirudi jioni, akasimama ukingoni na mzigo kichwani. Nilitamani anitukane yaishe.

"Walikuwa wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Wote umewapata?"

"Wote, mayu."

Akawanywesha ndama pipa lililobaki. Alfajiri aliwaswaga hadi lambo, bwawa la mifugo lililo mwendo wa saa mbili, akafanya hivyo kila siku mpaka mvua ziliporudi.

Ripoti ilisifiwa kwa usahihi wake. Nilimsomea mama ukurasa wa matokeo, naye akasikiliza mpaka mwisho, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi.