Vijiti Kumi kwa Biri Moja

Katika karakana ile ya biri, zile sigara nene zinazovingirishwa kwa mkono kwa ajili ya watu wanaovaa tai hata wakiwa peke yao, mwonjaji alikuwa mwanamke aliyeitwa Bi Pua. Inasemekana siku ya kuzaliwa kwake pua ilitangulia, mwenyewe akafuata keshokutwa yake. Mumewe aliacha kumdanganya mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu alinuswa tangu anakanyaga ngazi ya chini, na wao walikaa ghorofa ya nne.

Kusoma hakujua. Alama zake alizitoa kwa vijiti vya kiberiti, akivipanga kando ya kisahani: biri mbaya vijiti viwili, nzuri saba. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuvuka vinane, na kijiti akishakilaza hakiondolewi. Hata mwenye karakana, ambaye moshi kidogo tu ulimkohoza mpaka machozi yakamtoka, aliiheshimu sheria hiyo.

Asubuhi ile alipanda chumba cha juu bila kula wala kugusa sabuni, kama kawaida, lakini roho haikutulia. Kulikuwa na biri mpya, ya jani la thamani, masanduku machache tu kwa mwaka, na meza ya dirishani ya kuivingirishia ilikuwa moja. Walioigombea walikuwa wawili: fundi aliyeitwa Umeme kwa wepesi wa mikono yake, na wifi wa Bi Pua, dada wa mumewe, aliyeikalia meza hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa macho ya Wifi yalikuwa yameingia ukungu. Atakayeshindwa angepelekwa chumba cha nyuma kuchambua vikonyo vya majani.

"Wakinitoa pale," Wifi alimwambia jana yake, wakimenya viazi, "wewe nichimbie kaburi tu. Nitaingia mwenyewe, msijisumbue kunibeba."

"Na huo mdomo utaingia wapi? Itabidi nao uchimbiwe la kwake."

Walicheka, lakini kicheko cha Wifi kiliisha upesi.

Mezani palikuwa na visahani viwili, kila kimoja na biri isiyo na pete ya karatasi. Majina mwenye karakana alikuwa ameyaandika chini ya visahani. Hata angeyaandika juu, kwa Bi Pua siri ingebaki siri.

Aliwasha ya kwanza. Ilikuwa ngumu kuvuta, kama mtu anayenyonya uji kwa mrija. Moto ukala upande mmoja, ukauacha mwingine, ukaenda mrama kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Bi Pua akafumba macho. Hii ni ya Wifi, akajiambia, masikini haoni hata pa kubana. Stahili yake vijiti vitatu. Akalaza vitatu, akatazama mlangoni, akalaza vingine vitano.

Akanywa maji, akatafuna kipande cha mkate mkavu, akakaa mpaka ulimi ukasahau. Ndipo akawasha ya pili.

Hakuvuta, moshi ulikuja wenyewe. Kwanza ukamletea harufu ya mbao iliyopigwa randa sasa hivi. Akatulia. Ukaja utamu wa mbali, kama asali iliyolambwa na mtu mwingine chumbani. Biri ilipofika katikati, moshi ukapanda mpaka darini ukatanda pale bila kutawanyika, na nzi aliyekuwa akizunguka taa akatua ukutani, akakunja mbawa, akakaa kama mtu aliyeingia msikitini. Majivu yalirefuka, meupe, urefu wa kidole, hayakuanguka. Bi Pua aliona haya kuyatikisa. Alitaka kumwita mtu, kisha akaona hata kuita kungekuwa utovu wa adabu.

Halafu akakumbuka vijiti vinane vya kisahani cha kwanza. Akilaza saba hapa, Wifi amepona. Ni mtu gani angejua? Bosi anayekohoa? Akalaza saba, mkono ukabaki hewani. Akavuta tena mara moja, na ule moshi ukamjaa kifuani kama maji yanavyojaa mtungi. Akashindwa kuukana. Akalaza cha nane, cha tisa, cha kumi, huku machozi yakimdondokea mezani.

Alishuka kabla mwenye karakana hajapanda, akalia uani kwa muda, kisha akaenda kwenye meza ya dirishani.

"Wifi, nisamehe. Nimekumaliza."

"Umenimaliza vipi, na mbona unalia kama umefiwa?"

Kabla hajajibu, mwenye karakana aliteremka na vile visahani. Alikuwa amehesabu mara tatu. "Mama," alimwambia Wifi, "meza ni yako. Kumi. Na ya Umeme ina nane, naona nayo tuitie kwenye masanduku."

Wifi akainyakua ile ya vinane, akaipitisha kati ya vidole viwili. Uso ukabadilika.

"Hili gogo umelilazia vinane?"

Bi Pua akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ulidhani ni yangu." Wifi aliirudisha biri taratibu. "Miaka yote hii, wifi yangu. Ukaonja gogo, ukasema naam, huyu ndiye."

"Nilikuonea huruma."

"Ndiyo hiyo ninayokasirikia."

Bi Pua akamgeukia mwenye karakana, akasema mbele ya mafundi wote, "Hiyo ni ya vitatu. Vitano nilidanganya. Usiiuze." Umeme akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Wifi akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa. Uone ulichokipa kumi."

Akachukua jani, akafumba kabisa yale macho yenye ukungu, na vidole vikaanza kutembea juu ya mishipa ya jani, polepole, vikisimama, vikisikiliza, vikiendelea. Bi Pua alisahau kufunga mdomo.