Blaindi Kubwa ya Kaka

Poka ilichezwa nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Sekei, Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada na chakula. Kaka ndiye aliyetufundisha mchezo huo wa karata, naye alifundishwa na wageni aliokuwa akiwapikia kwenye kambi ya watalii. Hatukuchezea pesa. Tulichezea vizibo vya soda, na mshindi wa mwisho aliondoka na jogoo tuliyemnunua kwa mchango soko la Kwa Mrombo.

Kaka alituwekea sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Mchezaji akiugua, kiti chake hakitolewi. Anagawiwa karata kama kawaida, na ndugu yake anamchezea mpaka vizibo viishe. "Hatumtoi mtu mezani akiwa hai," alisema, enzi hizo bado anabeba gunia la kahawa peke yake.

Figo zake zilipogoma, ndugu nilikuwa mimi. Nikakalia kiti chake, mwanamke peke yangu kati ya mwalimu wa hesabu na madereva watatu wa watalii. Kaka alikuwa kitandani chumba cha pili, hatua sita kutoka mezani, na alikuwa amemkataza wifi kufunga mlango. Kukaa hakuweza, ila alitaka kusikia.

Kabla hatujaanza nilikwenda kumwamkia. Akanishika mkono kwa vidole vilivyovimba.

"Blaindi kubwa yangu usiwaachie," akasema. "Mwalimu atakupandishia kila mara kwa sababu anajua unaogopa. Wewe ongeza, uone karata. Nikitoka, nitoke nikicheza."

"Sawa, kaka."

Blaindi kubwa ni vizibo ambavyo zamu ikikufikia unaviweka kabla hujaona karata yoyote. Mtu akipandisha dau, ama unaongeza ili kulinda ulichokwisha kuweka, ama unatupa karata na vizibo vinakwenda. Kwa kuwa sehemu umeshaiweka, kuongeza si ujinga hata kama karata zako ni za kawaida. Nilijua haya yote. Lakini siku ile kiliniingia kichwani kitu cha kipuuzi ambacho sijawahi kumwambia mtu: kwamba vizibo vile ndivyo pumzi ya kaka, na maadamu vipo mezani hafi. Nikawa bahili.

Zamu ya kwanza mwalimu akapandisha. "Natupa," nikasema. Ya pili akapandisha tena, karata zake hata hakuziangalia vizuri. "Natupa." Tukaenda hivyo mchana mzima, na rundo la kaka likapungua mbele yangu bila kupigana hata mara moja. Dereva mmoja akanitania kwamba nimekuja kumfugia mwalimu kuku. Sikucheka.

"Mdogo wangu," kaka akaita kutoka chumbani. "Bado tupo?"

"Tupo, kaka."

Vikabaki vizibo sita. Blaindi kubwa ilikuwa imefika vinne, nikaviweka. Mwalimu akapandisha, wengine wakatupa. Nikainua pembe za karata zangu: kingi na kumi, zote kopa. Kwa karata zile hata asiyejua poka angelinda. Chumbani kikohozi kilikoma, nikajua anasikiliza. Nikavitazama vizibo viwili vilivyobaki.

"Natupa," nikasema.

Mwalimu akazoa. Nami nikazichomeka karata zangu katikati ya nyingine.

"Ulikuwa na nini?" kaka akauliza.

"Tatu na nane."

"Niletee nizione."

"Zimeshachanganywa, kaka."

Dereva aliyekaa kando yangu alikuwa ameziona. Aliinamisha kichwa akawa anachezea funguo zake. Kaka akamwita mkewe amfungie mlango. Wifi akaja akifuta mikono kwenye kanga, akaufunga. Mgao uliofuata vile viwili vikaingia vyenyewe kwenye blaindi ndogo, ambayo ni nusu ya kubwa, mwalimu akavila kwa jozi ya karata za nne. Kaka alitoka mezani bila kusikia, na jioni mwalimu akaondoka na jogoo wake.

Kwa wiki mbili nilikuwa nikienda kila siku, nabisha hodi kwenye mlango ule. Tulizungumzia dawa na mvua, poka hakuitaja. Jumatano ya mwisho alikuwa ametazama ukuta, nikadhani kalala.

"Niambie kweli," akasema. "Zilikuwa karata gani?"

Nilikuwa na nafasi, tena tulikuwa wawili tu.

"Tatu na nane, kaka."

"Basi ulifanya vizuri," akasema. "Hata mimi ningetupa."

Nilimfunika miguu, nikatoka. Alifariki usiku ule. Mlango niliufunga mwenyewe.