Deni la Nyumba Iliyobebwa hadi Kalembe

Inatangazwa rasmi, kwa karatasi iliyopigiliwa misumari minne mlangoni mwa ofisi ya kodi, kwamba nyumba ni mali isiyohamishika. Kwamba ikiuzwa mnadani hubaki palepale ilipo. Na kwamba kodi zake zote za nyuma hubaki nayo, awe nani aliyeinunua.

Claudette wa kijiji cha Kingi alikuwa ameisoma karatasi hiyo mara mbili. Shamba la maharage analo, lakini kwa miaka mitano sasa hununua nyumba za mbao zinazopigwa mnada na chama cha akiba pale mkopaji anaposhindwa kulipa, akazitengeneza, akaziuza. Watu hawampendi sana kwa hilo. Wakitaka nyumba, hata hivyo, wanajua mlango wa kubisha.

Ya mwisho ilikuwa ya Papa Polycarpe. Aling'oa mbao zilizooza, akabadilisha manjanja, yale mabati ya paa, akamuuzia Jean-de-Dieu, mchuuzi wa Kalembe, na kumwandikia kwa mkono wake: nyumba haina deni, likitokea, ni juu yangu. Kiwanja Jean-de-Dieu hakukitaka. Katika milima ile nyumba ya mbao ni kama kabati: mwenye kuhama huifungua, huzitia mbao alama za mkaa, akaita wabebaji. Nyumba ikapanda mlima mabegani mwa watu. Claudette akapanda maharage palipokuwa sebule.

Yalikuwa yameanza kutambaa siku Papa Habineza wa kodi alipofika na mnyororo na kufuli. Alikizunguka kiwanja mara mbili.

— Mama Claudette, mulango iko wapi?

— Iko Kalembe, Papa. Na madirisha nayo.

— Unanichekea? Hapa iko miaka sita ya lempo, kodi ya nyumba. Polycarpe hakulipaka hata mwaka moja. Deni inafuata nyumba!

— Basi uifuate. Ukienda polepole ni siku mbili. Ubebe mwavuli.

Majirani waliokuwa wakipalilia waliegemea majembe, wakacheka. Habineza hakucheka. Alijua, na Claudette alijua, kwamba Jean-de-Dieu akidaiwa atatoa ile karatasi ya mauzo, na deni litashuka tena Kingi bila kuhitaji mbebaji.

— Siendi popote, alisema, akielekeza mnyororo kwenye shamba la zamani la Claudette lililopakana na kiwanja. Nafunga hii shamba. Maharage ikikomaa, tutaipiga mnada.

Kicheko kikakatika. Shamba hilo ndilo lililowalisha watoto wa Claudette kabla hajajua mnada ni nini. Aliingia nyumbani kwake, kando ya shamba, akatoka na karatasi aliyopewa na chama siku aliponunua.

— Soma hapa chini, Papa. “Inauzwa bila deni.” Na hii sinyatiri iko ya nani?

Habineza aliitazama saini yake kama mtu aliyekutana na mkwe wake kilabuni.

— Nilitia kama shahidi tu.

— Njo vizuri. Nenda ukashuhudie kule kwa chama. Njo bo, watu wa chama, walikamata nyumba, njo bo waliuzisha, njo bo walikula feza. Mimi nilikuwa nayo miezi tatu: nalipa miezi tatu. Faida yangu nayo ina lempo yake, sikatae. Lakini miaka sita ya Polycarpe? Hata ufunge mulima muzima na ile munyororo, sitatoa hata faranga moja!

— Mama, unasema sana.

— Basi nitanyamaza, na wewe uandike kitansi.

Mtu mmoja kati ya majembe alisema kwamba kalamu ni nyepesi kuliko kufuli. Habineza aliketi juu ya jiwe, akaandika gotini: miezi mitatu, na kodi ya faida. Jina la Polycarpe halikutajwa. Claudette alilipa palepale, na kesho yake chama cha akiba kilipata mgeni mwenye mnyororo.

Kabla ya kuikunja kitansi, ile stakabadhi ya malipo, Claudette aliisoma yote, hadi kwenye muhuri. Muhuri bado unasema Rubaya, si Kingi, kwa kuwa ofisi ya Papa Habineza, nayo ya mbao, ilibebwa kutoka huko mwaka juzi.