Jiwe la Nkuba Lilianguka Kwetu

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alinipakia kwenye gari, mimi na mto wangu wa kukalia, akanipeleka kwenye kilima nilichozaliwa, huku Ngara, pale unapoiacha barabara ya Rusumo na malori yake ukapanda kushoto. Sikuwa nimekanyaga pale tangu nilipoolewa Nyarubungo, na niliolewa bado najikwaa kwenye nguo za kikubwa. Usinihurumie. Niliolewa vizuri, nimezaa tisa, na wote mpaka leo wanaogopa sauti yangu.

Mimi nilisoma miaka miwili kwa padri: kusoma, kuandika na kupiga magoti. Yeye kasoma mpaka vitabu vimenyoosha mikono. Kazi yake ni mawe. Si mawe ya kujengea wala ya dhahabu kama yale ya Biharamulo. Yeye husoma yale yanayoanguka kutoka mbinguni. Njiani alinieleza kwamba siku hizi hawangoji yaanguke. Wanatuma chombo mpaka kwenye jiwe linaloelea huko juu, kinachota vumbi lake na kulileta. Vumbi lisilojaza bakuli. Linawekwa ndani ya sanduku la kioo, na wao wanaingiza mikono iliyovikwa mipira, wamefunika midomo wasilipumulie.

"Kwa nini mnaliogopa hivyo?"

"Hatuliogopi, bibi. Tunaogopa kulichafua. Haya ni mabaki ya vitu vilivyoifanya dunia. Likiguswa na jasho tu, hatujui tena lipi lake na lipi letu."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, jiwe la kwangu mimi nililishika kwa mikono iliyotoka kukamua ng'ombe, na bibi yangu akalipaka siagi.

Akasimamisha gari katikati ya barabara. Lori la nyuma likatutukana kwa honi.

Basi nikamsimulia, na wewe nakusimulia vilevile, maana nimeshaanza na mimi huwa siachi kazi katikati.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Baba alikuwa machimboni Biharamulo, na nyumbani tulibaki wanawake watupu: bibi mzaa baba, mama, na mimi. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Ukipita kilimani unasikia harufu ya moshi wa samadi, ndizi za pombe zinazoivishwa shimoni, na vumbi. Mtama ulikuwa umekomaa, na kazi yetu watoto ilikuwa kukaa juu ya dungu tangu alfajiri kufukuza ndege. Unapiga kelele, unarusha udongo kwa teo, unakula kiazi baridi, unapiga kelele tena. Koo langu lilianza kuwa baya pale.

Mpakani mwetu aliishi mjane. Hakuwa na mtoto wa kiume wala wa kike. Alikuwa na mtama mzuri kuliko wetu, na hilo bibi yangu hakulisamehe. Lakini mimi nilimpenda yule mama. Ndiye aliyenitoa funza miguuni kwa mwiba, polepole, akinitania: "Wewe miguu yako imekuwa ghala. Wanahifadhi nini humu?" Mama yangu alinitoa kwa kunivuta. Mjane alinitoa kwa kuongea.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa. Mara sauti ikapasuka juu, kama mtu anararua ngozi kavu toka upande wa Burundi mpaka kichwani kwangu. Ikafuata ngurumo, ikafuata mluzi, kisha kishindo nilichokisikia tumboni. Ndege wote wakaondoka mtamani kwa mara moja. Nikauona mgomba wetu mmoja ukilala chini na vumbi likipanda.

Sasa lazima ujue desturi. Kwetu radi tuliiita Nkuba, na Nkuba alikuwa mfalme. Akinguruma kiangazi, hatoki mtu. Mnaingia ndani, mnakaa chini, mnafunika kila kinachong'aa, mnanyamaza mpaka mzee wa radi, yule mtakasaji wetu, apite na njuga zake kesho yake asubuhi. Na shamba ambamo Nkuba ameshusha kitu si lako tena. Mwenyewe anaondoka na kile anachoweza kubeba kichwani, anavuka maji, harudi. Wala halii mtu. Mnamsindikiza kwa vigelegele, maana ukilia Nkuba anadhani umemkatalia.

Kilima kizima kilikuwa kimejifungia. Bibi yangu peke yake ndiye aliyetoka nje. Alinishusha dunguni, akanishika sikio, akanivuta mpaka migombani, na mama akatufuata.

Shimo lilikuwa la kuingia mkono mpaka kwenye kwapa, na mizizi ya mgomba imekatwa kama kwa kisu. Chini lilikaa jiwe, ukubwa wa chungu cha maharage. Jeusi, limepakwa kama masizi, na pembeni palipobanduka ndani ni kijivu, na vijichembe vinameremeta. Tulidhani linawaka. Bibi akaweka kiganja. "Limepoa," akasema. Na hapo ndipo alipoanza kunitisha, kwa sababu uso wake ulitulia.

Akatoa siagi, akalipaka lote kama mtoto aliyetoka kuoga. Akaliambia kwa heshima kabisa, amepiga magoti: "Mkubwa, umekosea mlango. Mwenyeji wako yuko pale. Tunakupeleka."

Mama akaanza kulia. Bibi akamzaba kofi. "Unalia nini? Mumeo arudi akute nini hapa, majivu? Lete ile ngozi ya kulalia!"

Tukalivuta juu ya ngozi ya ng'ombe, watatu sisi, mchana mweupe, hakuna jicho. Nilishika mguu wa nyuma wa ile ngozi. Liliteleza na siagi yake, nikalikumbatia lisianguke. Tukavuka mimea ya mpaka, tukaliweka katikati ya mtama wa mjane, taratibu, tusivunje bua. Kisha tukarudi, tukafukia shimo, tukakanyaga, tukatandaza nyasi juu yake kama inavyotandazwa chini ya migomba. Bibi akanitazama. "Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Mjukuu wangu huyu," akasema, na akanipa kipande cha nyama kavu. Nilikuwa sijaonja nyama tangu mavuno yaliyopita.

Asubuhi njuga zikalia, na mzee wa radi akalikuta. Mjane aliitwa akasimama mbele ya jiwe lile mikono kichwani. Hakusema kitu ila: "Shambani kwangu? Mimi?" Mtware, mkubwa wa kilima chetu, alitaka aondoke siku ileile. Lakini habari ilikuwa imefika kwamba Mzungu mmoja anayepima mawe milimani aliuona moto ukipita angani siku ile na yuko njiani, ameagiza lisiguswe. Mtware aliogopa Nkuba, ila alimwogopa Mwingereza zaidi. Akasema tungoje.

Siku nne yule mama alifagia uwanja wake. Mzungu ndiye aliyekuwa tumaini lake. Aliwaambia wanawake kisimani, "Mtu anayejua mawe atajua kwamba sikuliita mimi."

Mzungu alikuja na sanduku, nyundo na mkalimani. Mkalimani alikuwa mtu mzima mwenye kanzu na mwavuli, wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani waliokaa Biharamulo mjini. Lugha yetu aliijua kwa kuoa kwetu. Mjane akawaletea maziwa. Mzungu hakuyaona. Alipiga magoti kwenye mtama, akalinusa jiwe, akaguna kama mtu aliyeibiwa.

"Anauliza nani kalipaka mafuta," mkalimani akasema.

Bibi yangu akaficha viganja ndani ya nguo.

Mzungu akatoa pamba nyeupe, akalifuta, polepole, kila kijishimo. Sijawahi kuona mwanamume akifuta kitu hivyo, hata mtoto wake.

"Anasema Mungu alipofinyanga dunia, haya ndiyo mabonge yaliyobaki pembeni. Yana umri wa dunia yenyewe. Ukiyasoma, unajua dunia ilikandwa vipi."

"Na huyu mjane ndiye kawekewa mabonge?" mtu mmoja akauliza. Watu wakacheka, na mjane naye akacheka, maskini, akidhani kicheko kinamsaidia.

Kisha Mzungu akasimama, akazunguka. Akatazama mabua. Akapiga ardhi kwa kisigino. Akasema maneno mengi, na mkalimani akaacha kutabasamu.

"Anauliza shimo liko wapi. Jiwe zito hivi likitoka juu huchimba. Anasema hapa halikuanguka. Limeletwa. Anataka shimo, maana kuna vipande vimebaki humo."

Nakuambia, mjane alishika mkono wa mkalimani. "Mwambie aseme tena! Mwambie aseme mbele ya mtware!"

Bibi yangu akacheka kwa sauti. "Mwanangu, muulize bwana wako kama alikuwepo. Mawe ya kwao ndiyo yanachimba. Ya kwetu yana adabu, yanakaa yakikaribishwa."

Kilima kizima kikacheka. Mtware pia.

Mzungu akatazama dungu letu, akanitazama mimi. Akauliza ni nani aliyekuwa juu pale. Mkalimani akainama, mwavuli wake ukanitia kivuli. "Binti, usiogope. Lilianguka wapi?"

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mdogo sikuelewa. Nilielewa yote. Nikisema migombani, sisi ndio tunaobeba vyungu kichwani na kuvuka maji, na baba anarudi kukuta wageni wanakula ndizi zetu. Mjane alikuwa ananitazama. Hakunisihi. Alinitazama vile alivyotazama mguu wangu akitafuta funza.

Nikanyoosha kidole pale jiwe lilipokaa. "Hapo."

"Mtoto hasemi uongo," mtware akasema. Mzungu akaandika, hakuridhika, lakini akaandika. Jiwe likafungwa pamba, likafungwa blanketi, likaingia kwenye sanduku lenye majani makavu, na wanaume wawili wakaambiwa wakiliangusha watakiona. Wakashuka nalo kilima hatua kwa hatua.

Mjane alishuka kesho yake. Alibeba chungu kimoja, jembe na mkeka. Vigelegele vilianza mlangoni kwake vikamfuata mpaka bondeni, wanawake wanacheza, wanampigia makofi kama bibi harusi. Alipofika niliposimama mimi, akapunguza mwendo.

"Bibi yako," akasema chini chini, "katandaza nyasi mbichi mahali pamoja tu. Mwambie siku nyingine atandaze shamba zima."

Alijua. Siku zile nne zote alijua, na hakusema, kwa sababu nani angekwenda kufunua nyasi kwa neno la mwanamke asiye na mtoto? Alikuwa amengoja mimi niseme. Nilijaza pumzi nikapiga kigelegele, kirefu kuliko vyote, mpaka wenzangu wakageuka kunitazama. Nilikuwa na sauti tayari. Akaenda zake upande wa mto. Wengine walisema alionekana Nyamigogo akilima vibarua, wengine walisema hakuvuka.

Mtama wake tulivuna sisi. Mtware alitupa lile shamba kwa sababu tulikuwa jirani. Mzee wa radi alikuwa ameshalitakasa, akapewa mbuzi. Ukitaka niseme uji wake ulikuwa mchungu, sitasema. Ulikuwa mtamu, nikanenepa, na nikaolewa kwa ng'ombe wengi.

Sasa kilima chenyewe. Migomba hakuna, ilikufa kwa ugonjwa. Madungu hakuna. Mtama hakuna anayeulima, watu wanataka mahindi. Njuga za mzee wa radi zimekufa naye, na radi siku hizi ikipiga wanaita fundi wa umeme. Watoto niliokutana nao waliniamkia shikamoo vizuri, lakini ukiwaambia Nkuba wanakutazama kama umekohoa. Shimo nililipata kwa kuhesabu hatua toka kwenye jiwe la kunolea ambalo bado liko palepale. Mjukuu wangu akavaa mipira yake mikononi, akachimba huku anaimba. Akapata vijichembe vyekundu vya kutu, kama punje za ulezi. Alinikumbatia akalia. Alisema hakuna aliyejua mahali hasa, na sasa watajua.

Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Lile jiwe lipo, huko Ulaya, ndani ya nyumba ya kuhifadhia vitu. Limekatwa vipande kama mhogo, na pembeni kuna karatasi ya yule Mzungu, imegeuka rangi ya chai. Akanisomea. Imeandikwa jina la kilima chetu, na chini yake jina la mwenye shamba.

Nilimwambia arudie. Lilikuwa jina lake yule mama. Si "mjane". Jina, alilopewa na baba yake, ambalo sijui Mzungu aliliuliza saa ngapi. Limeandikwa vibaya, lakini ni lake. Kilima chote kile hakina kaburi lake wala mti alioupanda. Alikuwa hapo tu, kwenye karatasi ya jiwe, kwa miaka yote hiyo.

"Walikosea," mjukuu akasema, anafurahi. "Tutasahihisha. Shamba lilikuwa la nani, bibi?"

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nakujua. Lakini alikuwa ameshika kalamu, ananiangalia kama mtu anayeniamini, na nilikuwa nimekwisha kumwambia ukweli. Nikamtajia jina la bibi yangu, herufi moja moja asikosee. Akaliandika. Akavuta mstari juu ya lile jingine.