Nikaha ya dirishani

Leo nimemuozesha binti yangu nikiwa nimekwama ndani ya pikapu.

Kila nikikanyaga breki, gari huvuta kushoto. Idrisa, mchumba wa binti yangu, ni fundi. Alisema mbovu ni breki ya kulia: haikamati, basi ya kushoto hubaki peke yake. Mimi nikamsomesha saa nzima kwamba ni ya kushoto.

Leo nikielekea msikitini, nikakanyaga breki kichochoroni, gari likavuta kushoto likabanwa. Kushoto baraza, kulia ukuta. Milango haifunguki, na dirisha halipitishi kitambi hiki.

Na bila baba, hakuna nikaha!

Shekhe akaja na Idrisa, wakakaa barazani. Idrisa akapenyeza mkono dirishani tushikane.

"Baba, mbovu ipi?"

"Ya kulia, mwanangu. Shekhe, tuanze."

Bado nimo ndani. Hongera nazipokea, lakini njooni na kamba.